Fundi wa Valvu na Fundi wa Transista

Msikilizaji, pita mitaa ya mafundi redio katika mji wowote mkubwa wa nchi yetu, kisha uliza swali moja tu: je, amplifaya iwashwe bila spika? Utapewa majibu mawili yanayopigana. Fundi mwenye mvi atakujibu kwa ukali kwamba hilo usilithubutu, mashine ikiwashwa bila spika inaungua. Fundi kijana atacheka. Atakwambia iwashe hata kutwa nzima, haitakuwa na neno, la kuogopa ni kuitwisha spika nyingi. Muulizaji anabaki njia panda, na mara nyingi anaamua kumfuata mwenye mvi kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimelichimba suala hili kwa ajili ya vijana wa biashara ya kukodisha muziki, ambao hunipigia simu kila mara. Hawa ni watu waliochanga, au waliokopa kwenye vikoba, wakanunua mashine moja na maboksi manne, wakaanza kupiga harusi, ubatizo na vigodoro. Mashine ikiungua usiku mmoja, biashara imekufa lakini deni liko hai. Baada ya kusoma na kuuliza nimeona kwamba ugomvi wa mafundi wale wawili hauna mwongo ndani yake. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya zama zake. Taabu ni kwamba amri ya zama moja imehamishiwa zama nyingine bila kuulizwa ilitoka wapi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema spika sina maana ya mheshimiwa wa Bungeni. Na sisemi kipaza sauti, kwa sababu jina hilo tumelipa vitu viwili, kile unachosemea na kile kinachokusemea, na katika mambo ya umeme kuchanganya viwili hivyo ni hasara.

Nyuma ya kila boksi la spika pameandikwa tarakimu, aghalabu 4 au 8, na mbele ya tarakimu hiyo pana alama inayofanana na kiatu cha farasi. Hiyo ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinazuia umeme usipite. Jina limetokana na Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani aliyefundisha hesabu na fizikia mjini Cologne. Mwaka 1827 alichapisha kitabu akionyesha kwamba umeme unaopita katika waya hutegemea mambo mawili, msukumo unaousukuma na ukinzani unaouzuia. Wakubwa wa elimu wa kwao hawakukipokea vizuri kitabu hicho. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1841 ndipo Jumuiya ya Kifalme ya London ilipomtunuku nishani yake kubwa ya Copley. Hesabu yake ni ya darasa la sita, lakini ndiyo ambayo mpaka leo inaamua mashine ipi itavuka usiku na ipi itatoa moshi.

Kwa hesabu ya Ohm, amplifaya ni simtank iliyo juu ya mnara, na spika ni bomba. Bomba jembamba ni omu nyingi, bomba pana ni omu chache. Ukiongeza bomba la pili kwenye tangi lilelile, maji yanayotoka yanaongezeka. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba spika mbili ni mizigo miwili, kwa hiyo omu zinaongezeka. La hasha. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mashine inaona omu 4. Zikiwa nne inaona omu 2. Tarakimu inashuka, kazi ya mashine inapanda. Hesabu hii tutairudia.

Sasa turudi nyuma. Katika mwaka 1915, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Mmarekani Edwin Pridham, walikuwa Napa, California, wakihangaika na koili ya waya iliyoning'inizwa kwenye sumaku na kuunganishwa na tarumbeta. Ilipopitishwa sauti ya simu, tarumbeta ilinguruma. Wakaipa jina la Kilatini, Magnavox, yaani sauti kubwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo wakawasikilizisha wakazi wa San Francisco. Tarehe 19 Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia watu wapatao 50,000 katika uwanja wa San Diego kwa kutumia vyombo vya aina hiyo. Kabla ya hapo mwanasiasa alikuwa na mapafu yake tu. Mikutano yote ya hadhara tuliyohudhuria, ya vyama, ya injili, ya mihadhara, ina deni kwa tarumbeta ile.

Spika tunayoijua leo, yenye karatasi ya umbo la pia inayocheza ndani ya boksi, ilielezwa na wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni kwa jina la Radiola 104. Angalia jambo moja hapa: Radiola 104 iliuzwa ikiwa na amplifaya yake ndani ya kabati lilelile. Waliotengeneza spika ndio waliotengeneza mashine ya kuiendesha, na ndoa ilifungwa kiwandani. Nguvu yake ilikuwa yapata wati 1 tu, na watu waliistaajabia. Tatizo la kulinganisha spika na amplifaya lilizaliwa baadaye, pale vitu hivi viwili vilipoanza kuuzwa mbalimbali na mnunuzi akaachiwa afunge ndoa mwenyewe.

Zama zile amplifaya ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu kama taa ya chemli. Vijana wa leo wengi hawajaziona, lakini redio za mbao za babu zetu zilikuwa nazo, na bendi za dansi za miaka ya 1960 zilipopanda jukwaani na magitaa ya umeme, nyuma yao zilisimama mashine za valvu. Valvu ina tabia yake. Hupenda kusukuma volti nyingi na mkondo mdogo. Valvu iitwayo EL84, iliyotumika sana katika miaka ya 1950 na 1960, ilitaka kukutana na kiasi cha omu 5,000. Spika haina omu hizo. Redio nyingi za Kiingereza zilikuwa na spika za omu 3, na spika kubwa za sebuleni zilikuwa za omu 15. Kuunga valvu na spika moja kwa moja ni sawa na kumfunga ng'ombe na mbuzi nira moja.

Mpatanishi alikuwa transfoma ya kutolea sauti. Upande wa valvu ina mizunguko mingi ya waya, upande wa spika michache. Ikiwa mizunguko ni 25 kwa 1, ukinzani unageuka kwa 25 mara 25, yaani 625. Spika ya omu 8, mara 625, ni omu 5,000 kamili. Valvu imeridhika, spika imeridhika. Ndiyo maana nyuma ya mashine za zamani kulikuwa na matundu matatu, 4, 8 na 16, na fundi alichagua tundu linalolingana na spika aliyoletewa.

Na hapa ndipo ilipozaliwa amri ya fundi mwenye mvi. Mashine ya valvu ikipigwa kwa nguvu huku waya wa spika umekatika, nguvu iliyomo ndani ya transfoma inakosa pa kwenda. Volti zinapanda kupita kiasi kilichokusudiwa, zinatoboa rangi inayofunika waya wa transfoma, cheche zinaruka hata kwenye soketi ya valvu. Transfoma ndiyo kipuri ghali kuliko vyote katika mashine hiyo, na kuisuka upya si kazi ya mchana mmoja. Nimemwona mzee mmoja ambaye karakana yake ina kipande cha ubao chenye rezista mbili nene kama vidole gumba. Mashine ya valvu ikiletwa, kabla hajaiwasha anaiunga kwanza na ubao huo, umeme upate pa kuteremkia. Hiyo si ushirikina. Mashine ya valvu iwashwe na mzigo wake mgongoni, basi. Wapiga magitaa wenye mashine za valvu, na bado wapo, walishike neno hilo.

Mwezi Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walifanya transista yao ya kwanza ikuze sauti. Wao na mkuu wao William Shockley walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Mwaka huohuo wa 1956 lilichapishwa jambo ambalo halikupigiwa ngoma yoyote nje ya duru za mafundi, lakini kwa habari yetu ni zito kuliko tuzo. Mhandisi mzaliwa wa China, H. C. Lin, alionyesha namna ya kupanga transista ziendeshe spika moja kwa moja, bila transfoma ya kutolea sauti. Transista hupenda volti chache na mkondo mwingi, na hivyo ndivyo spika inavyotaka. Mpatanishi hakuhitajika tena. Mashine zikawa nyepesi, zikawa rahisi, na katika miaka ya 1960 na 1970 zikaenea dunia nzima. Spika za omu 15 na 16 zikaanza kupotea madukani, za omu 8 na 4 zikatawala, kwa sababu kwa volti chache za transista omu zikiwa nyingi sauti haitoki ya kutosha.

Kuondoka kwa transfoma kukaipindua amri juu chini. Transista isiyo na spika haina neno, imefunga bomba na maji yametulia. Lakini ukiifungulia mabomba mengi, hakuna chuma katikati cha kuizuia. Inatoa, inatoa, inatoa, mpaka inaungua, na inaungua kwa muda mfupi kuliko fyuzi. Valvu iliyoelemewa ilichoka polepole, sauti ikawa mbaya, fundi akapata nafasi ya kusikia. Transista haitoi onyo.

Tuweke tarakimu. Chukua mashine inayotoa volti 20 kwenye spika. Kwa omu 8, mkondo ni ampea 2.5 na nguvu ni wati 50. Kwa omu 4, ampea 5 na wati 100. Kwa omu 2, ampea 10 na wati 200. Kitufe cha sauti hakikuguswa, ni spika tu zilizoongezwa. Kama mtengenezaji ameandika nyuma ya mashine kwamba isishuke chini ya omu 4, basi ampea 10 ni mara mbili ya kile alichoapa nacho.

Nilihudhuria harusi moja, ukumbi siutaji, ambamo kijana mwenye muziki alikuwa na maboksi mawili ya omu 8 kila upande, jumla omu 4, mambo shwari. Mwenyekiti wa kamati akalalamika kwamba meza za nyuma hazisikii. Yakaletwa maboksi mengine manne kutoka muziki wa jirani, yakaungwa sambamba na yale ya kwanza, na kila upande ukashuka hadi omu 2. Kwa dakika kumi ilikuwa raha tupu. Kisha mlio mmoja, harufu ya bakelaiti, kimya. Bibi harusi aliingia ukumbini kwa vigelegele vya shangazi zake peke yao. Kijana alipofungua mashine siku ya pili alikuta transista za kutolea zimeungua, na maboksi mawili ya besi yamekufa pamoja nazo. Hili la pili wengi hawalielewi. Transista ikiungua kwa kushikana, umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai unamiminika ndani ya koili ya spika, koili inakuwa pasi. Mashine nzuri zina relei ya kukata, ile unayoisikia ikisema "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Zile za bei poa mara nyingi hazina.

Kingekuwepo kimbilio lolote? Ndiyo, spika nane zile zingeweza kuungwa mbili mbili kwa mfuatano, omu 8 na 8 zikawa 16 kila jozi, kisha jozi mbili za kila upande zikawekwa sambamba, tukarudi kwenye omu 8. Sauti isingeongezeka kama walivyotaka, lakini ingefika meza za nyuma, na kijana angelala na mali yake. Kwa hesabu hiyohiyo waangalie vizuri wanaofungua spika za magari na kuziunga kwenye redio ya nyumbani. Spika za gari nyingi ni za omu 4, kwa kuwa gari lina volti 12 tu. Mbili sambamba ni omu 2, na redio ya sebuleni haikuzaliwa kwa hilo.

Ukipima spika ya omu 8 kwa mita utaona kama omu 6 hivi, usidhani umeibiwa. Mita inapima waya uliotulia. Spika inapopiga, ukinzani wake unapanda na kushuka kufuata sauti, jambo ambalo Mwingereza Oliver Heaviside, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujifunza hesabu mwenyewe, alilipa jina la impidansi mwaka 1886. Ile 8 ni makadirio ya mtengenezaji.

Nije kwenye wati, ambako uongo ni mwingi kuliko kwingine kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilikuwa vikiandika tarakimu za kujipendelea kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilitunga kanuni: mwenye kutangaza wati za amplifaya ya nyumbani aipime kwa njia iliyowekwa, baada ya kuifanyisha kazi saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Mashine kadhaa ziliadhirika. Kanuni hiyo ilirekebishwa na kukazwa mwaka 2024. Sisi huku hatukuwa na kanuni hiyo, tukaletewa redio kaseti za miaka ya 1990 zilizoandikwa PMPO wati 1,000, ilhali ukigeuza nyuma unakuta zinakula umeme wa wati 30 kutoka ukutani. Ng'ombe hakamuliwi maziwa mengi kuliko maji anayokunywa. Sabufa za siku hizi zimerithi ukoo huohuo. Soma kibandiko cha nyuma, kile chenye volti na wati za ukutani, cha mbele ni pambo.

Na kuna imani kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza. Mashine ya wati 50 ikisukumwa hadi sauti ikwaruze, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, yanakuwa bapa, na bapa hilo linaweza kubeba karibu wati 100. Isitoshe, kukatwa huko huzaa sauti nyembamba ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, nazo huenda moja kwa moja kwenye twita. Boksi limeandikwa wati 100, lakini twita ndani yake huenda inastahimili wati 10 tu. Ndiyo inayotangulia kufa. Kwa hiyo ukisikia mikwaruzo, teremsha sauti. Mimi naona afadhali mashine yenye nguvu kuzidi kidogo inayopigwa kwa adabu, kuliko ndogo inayopiga kelele usiku kucha.

Yapo mambo ya kuunganisha ambayo hayahitaji hesabu. Zima mashine kabla ya kugusa waya za spika. Nyuzi za waya zisichomoze zikagusana, kwani hapo omu ni sifuri. Fyuzi ikikatika usiizungushie karatasi ya pakiti ya sigara, nyumba zimeungua kwa karatasi hiyo. Na mashine nyingi ndogo za kisasa haziruhusu waya hasi za pande mbili kuunganishwa pamoja wala kugusishwa kwenye bodi, ingawa kwenye mashine za zamani tulizoea kufanya hivyo.

Limebaki tundu moja ambalo transfoma haikuliacha. Kwenye mashine za misikiti, makanisa, shule na vituo vya mabasi, kama zile za Ahuja kutoka India, utaona kando ya 4, 8 na 16 pameandikwa volti 100. Tundu hilo limetengenezwa kwa ajili ya kupeleka sauti mbali, kwenye tarumbeta nyingi, kwa waya mwembamba, na kila tarumbeta juu ya mnara hubeba transfoma yake ndogo. Hapo hatuhesabu omu, tunajumlisha wati: tarumbeta kumi za wati 10 zinataka mashine ya wati 100 na ziada kidogo. Waya zake zishikwe kwa heshima, maana zinapiga shoti mashine ikiwa kazini. Spika ya kawaida ya omu 8 isitiwe humo kabisa. Kwa hesabu ya mwalimu yule wa Cologne, volti 100 kwenye omu 8 ni wati 1,250, na boksi la wati 100 halitafika mwisho wa tangazo la kwanza.